Baiskeli kwa njia ya miguu: sheria inasema nini, na mbona hatuishi kubishana? (UZI)

1/ Kila mara mtu akigongwa na baiskeli kwa njia ya miguu, au kaunti ikimaliza kujenga njia mpya kando ya barabara, mjadala ni ule ule. Hawa: "Baiskeli zitolewe huko, hiyo ni ya kutembea!" Wale: "Sasa mnataka tuendeshe wapi, tukanyagwe na matatu?" Leo tuufungue polepole. Kama kawaida ya hapa kwetu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Ni hoja tu.

2/ Niseme ukweli kabla sijaanza. Mimi huenda kazini na baiskeli. Na mwaka juzi shangazi yangu aligongwa na baiskeli ya kubeba mkate akitoka sokoni, akavunjika mkono. Kijana aliyemgonga hakutoroka. Alisimama, akamwinua, akalia kumshinda. Alikuwa amepanda kwa njia ya miguu manake lori lilikuwa linamsukuma mtaroni. Kwa hivyo mimi kwa hii stori niko pande zote mbili.

3/ Kwanza maneno, juu nusu ya ugomvi hutoka hapo.
• Njia ya miguu: ya watembeao tu.
• Njia ya baiskeli: imetengwa kwa baiskeli.
• Njia ya pamoja: wote wawili, kwa kupenda ama kutopenda.
• Ukingo wa barabara: ile sehemu ya pembeni, ya lami au ya changarawe, ambayo magari huharibikia na matatu hupita zikiruka foleni.
Mtu akikuambia "kaunti imejenga njia ya baiskeli", muulize ni gani kati ya hizo nne.

4/ Sasa sheria. Sheria kuu ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Mwaka wa 2012 Bunge liliongeza kifungu cha 45A: ni kosa kuendesha juu ya njia ya wapita kwa miguu. Kifungu hicho hicho kinakataza kukatiza ndani ya kituo cha petroli ili ukwepe msongamano. Ukisoma hayo mawili pamoja unaona waliyekuwa wanamfikiria: dereva mwenye haraka, anayepanda juu ya watu foleni ikimchosha.

5/ Halafu zikaja kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016. Zikaweka faini ya shilingi 5,000 kwa kuendesha juu ya njia ya wapita kwa miguu. Orodha hiyo hiyo iko na faini ya shilingi 500 kwa mtembea kwa miguu anayezuia magari makusudi. Kwa hivyo usidhani sheria inamwangalia mwenye gari peke yake. Hata wewe wa miguu umetajwa.

6/ Je, 45A inamshika mwenye baiskeli? Hapa ndipo watu hupigana. Kwa Kiswahili tunaendesha gari na tunaendesha baiskeli, kitenzi kimoja. Lakini sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na huko gari lina kitenzi chake na baiskeli ina chake. Kifungu kimetumia kile cha gari. Anayetaka kukushtaki atasema baiskeli pia ni chombo cha barabarani. Anayekutetea atasema kosa la jinai halinyooshwi kama mpira: kama Bunge lilitaka baiskeli, lingesema baiskeli.

7/ Na shilingi 5,000 kwa nani? Mwenye gari ana leseni, namba ya usajili na bima. Mwenye baiskeli hana hata kimoja, na hakuna sheria ya taifa inayomdai hivyo vitu. Unamwandikia faini kwa jina gani? Ndiyo maana mahali penye baiskeli nyingi, adhabu rahisi kwa askari ni kubeba baiskeli yenyewe. Kwa mtu anayeuza maziwa au anayepeleka mitungi ya maji, hiyo si faini. Umembebea kazi.

8/ Swali la pili ambalo wengi hurukia: nani ana uwezo wa kubadilisha hii sheria? Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Serikali ya kitaifa ina usafiri wa barabarani kwa jumla, barabara kuu na viwango vya ujenzi. Kaunti ina barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho ya mjini. Kwa hivyo mtu akiahidi "nitapiga marufuku" au "nitaruhusu", kwanza uliza kama anaowania kazi gani.

9/ Mfano. Mgombea wa udiwani anasimama kando ya barabara kuu, anasema "nikiingia, hii njia ya miguu itakuwa safi". Barabara yenyewe ni ya KeNHA ama KURA, mashirika ya serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi anaweza kupiga kelele, kuandika barua, kupitisha hoja. Hawezi kutuma tingatinga. Sisemi anadanganya. Nasema ahadi lazima ilingane na ofisi.

10/ Sasa hoja zenyewe. Tuanze na wanaotaka baiskeli zitolewe, na tuziweke kwa nguvu zake zote, siyo kuzichekesha.

Hoja ya 1: mwendo. Mtu akitembea anaenda kama kilomita 5 kwa saa. Baiskeli bila kujikaza inaenda 15 hadi 20. Kwa 18, unakula mita 5 kila sekunde. Mtoto akitoka mbio mlangoni mwa duka, ile sekunde moja ya kushtuka tayari ushamfikia.

11/ Na nguvu ya mgongano haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara tatu, nguvu inaongezeka mara tisa. Kijana mwenye nguvu zake ataanguka, ajipanguse, atukane kidogo, aende. Mama wa miaka 68 ataanguka avunjike nyonga au mkono, na kuna wazee ambao baada ya kuanguka hivyo hawarudi tena kutembea peke yao. Shangazi yangu mpaka leo hatoki sokoni bila mtu wa kumshika.

12/ Hoja ya 2: kuna watu ambao hawana njia nyingine. Asiyeona anasikiliza. Matatu ataisikia, pikipiki ataisikia, baiskeli hataisikia. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuruka pembeni. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote bila kuzuiliwa isivyofaa. Njia ya miguu ikiwa uwanja wa kukwepana, hiyo haki imebaki kwa karatasi.

13/ Hoja ya 3: ukifungulia baiskeli mlango, boda ataingia nyuma yake. Hii si dharau, tumeiona. Njia iliyojengwa ya baiskeli, baada ya wiki mbili iko na pikipiki, na baada ya mwezi iko na steji. Wanaosema hivi wanataka mstari ambao askari anaweza kuuelewa bila kufikiria: chochote chenye magurudumu, isipokuwa kiti cha walemavu na kigari cha mtoto, nje.

14/ Sasa upande wa pili, pia kwa nguvu zake zote.

Hoja ya 1: mtu hapandi kwa njia ya miguu kwa raha. Huko kuna mashimo, mama mboga, vigingi, mitaro isiyo na vifuniko, na watu wa kuombwa njia kila hatua mbili. Barabarani ni haraka zaidi. Ukiona mtu ameacha lami laini akapanda huko, jua kuna kitu kimemtisha.

15/ Na kitu chenyewe ni hiki. Chukua gari dogo la kilo 1,300 likienda 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini. Chukua baiskeli na mwendeshaji wake, jumla kilo 90, wakienda 18. Piga hesabu: nguvu iliyo ndani ya lile gari ni zaidi ya mara 100 ya ile ya baiskeli. Kumwambia mwenye baiskeli "shuka barabarani" ni kumtoa mahali anapoweza kuvunja mtu mkono, umpeleke mahali anapoweza kuuawa. Zote mbili ni mbaya. Hazilingani.

16/ Kumbuka pia picha kubwa. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kundi linaloumia kuliko yote ni watembeao kwa miguu, karibu theluthi moja ya wanaokufa. Wanaowaua ni magari na pikipiki. Ukitumia askari wote kufukuza baiskeli, umeshughulikia hatari ndogo na ile kubwa umeiachia barabara.

17/ Hoja ya 2: ni gari la asiye na gari. Tusisahau neno "boda boda" lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, na vijana waliokuwa wanavusha watu na mizigo kwa baiskeli, kabla pikipiki hazijachukua jina. Mpaka leo pande za Kisumu, Busia na Bungoma baiskeli ni kazi. Na Nairobi ukiamka saa kumi na moja asubuhi utaona wafanyakazi wakielekea Industrial Area na baiskeli, juu nauli ya kwenda na kurudi inakula mshahara.

18/ Hoja ya 3: sheria kali, mtekelezaji mwenye njaa. Kosa ambalo kila mtu analifanya kila siku, juu hana pa kwenda, ni shamba la kitu kidogo. Halitaondoa baiskeli kwa njia ya miguu. Litaweka bei tu: leo hamsini, kesho mia. Wanaopinga marufuku husema usitunge sheria ambayo mtu mwema hawezi kuitii hata akitaka.

19/ Wengine wamefanyaje? Uingereza: England na Wales bado zinatumia sheria ya 1835, iliyoandikwa kuhusu farasi, nyumbu na magari ya kukokotwa. Baiskeli za kukanyaga hazikuwepo! Ikabidi sheria ya 1888 itamke kwamba baiskeli nayo ni gari la kukokotwa. Mwaka wa 1999 serikali ilipoleta faini za papo hapo, waziri alieleza kwamba hazilengi mtu mwangalifu aliyepanda huko kwa kuogopa magari. Kwa hivyo ugomvi wetu wa kitenzi si mpya duniani.

20/ Ujerumani iligawa kwa umri: mtoto chini ya miaka 8 anatakiwa aendeshe kwa njia ya miguu, wa mpaka miaka 10 anaruhusiwa, na mkubwa anayemsindikiza mtoto mdogo anaweza kuwa naye huko. Japani: baiskeli ni ya barabarani, lakini watoto chini ya miaka 13 na wazee wa miaka 70 kwenda juu wanaruhusiwa njia ya miguu, polepole, na mtembea kwa miguu ndiye mwenye njia. Uholanzi ilitumia pesa: ikajenga njia za baiskeli kando, ugomvi ukapungua wenyewe.

21/ Ukiangalia vizuri, chaguo ziko tano, na kila moja ina bei yake:
a) Marufuku kabisa. Rahisi kueleza, mwenye baiskeli analipa kwa mwili wake.
b) Marufuku katikati ya mji tu, penye watu wengi.
c) Ruhusa kwa umri: watoto na wazee.
d) Ruhusa kwa mwendo: panda, lakini kwa mwendo wa miguu, na ukigonga ni wewe.
e) Kujenga njia yake. Inagharimu pesa na nafasi, na nafasi hiyo itoke mahali: maegesho, au upana wa barabara ya magari.
Mtu akisema "tutalinda wote" bila kuchagua, hajajibu.

22/ Hiyo (e) si ndoto ya wazungu. Nairobi ilizindua sera yake ya usafiri usio wa injini mwaka wa 2015, na ndani yake kaunti ilijifunga kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa watembeao na wenye baiskeli. Mwaka wa 2020 njia zikajengwa katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, Wabera, Muindi Mbingu. Zilionyesha inawezekana. Lakini toka nje kidogo ya mji uone njia inavyoanza vizuri halafu inamalizikia kwa mtaro.

23/ Kwa hivyo asilimia 20 inafuatwa wapi? Kwa bajeti, siyo kwa mkutano wa hadhara. Sheria ya fedha za umma ya 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kabla ya kupitishwa lazima wananchi wasikizwe. Nenda hiyo siku uulize swali moja: ukurasa wa njia za miguu ni upi, na ni pesa ngapi?

24/ Usipoweza kwenda, kuna ombi rasmi. Katiba, kifungu cha 37, inakupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka ombi bunge la kaunti. Hauhitaji wakili. Unahitaji kusema ni barabara gani, kutoka wapi hadi wapi, shida ni gani, unataka nini. "Barabara zetu ni mbaya" haiendi popote. "Mtaro hauna vifuniko kutoka sokoni hadi shule" inaenda.

25/ Kitu kingine kinakuja na hatujajiandaa: baiskeli za umeme. Hazina kelele, ni nzito kuliko za kawaida, na zinaenda kasi bila mtu kukanyaga. Tukiandika sheria inayosema "baiskeli" tu, itamruhusu huyu au itamfukuza mtoto wa shule pamoja naye. Afadhali kanuni ipime mwendo na uzito. Jina la chombo linaweza kubadilika kila mwaka.

26/ Ukikutana na mgombea, maswali ni haya, chukua picha:
1. Kifungu cha 45A kinahusu baiskeli au hakihusu? Ungekiandika vipi?
2. Hii barabara ni ya kaunti au ya taifa?
3. Ukiondoa baiskeli hapa, zinapita wapi kesho asubuhi?
4. Ukiziruhusu, asiyeona anapita wapi?
5. Wachuuzi na magari yaliyoegeshwa juu ya njia utawapeleka wapi?
6. Pesa ngapi, mwaka gani?

27/ Swali la 5 halipendwi. Mara nyingi tunapiganisha mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu kwa kipande cha mita moja, na mita zingine mbili zimekaliwa na gari lililoegeshwa, bango la biashara na rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Viti viwili vya magurudumu kupishana vinahitaji kama mita 2. Pima ile ya kwenu. Halafu uangalie nani amekalia zilizobaki.

28/ Tukingoja sheria, adabu haihitaji Bunge. Mwenye baiskeli: penye watu wengi shuka usukume. Piga kengele mapema, siyo mgongoni mwa mtu. Pita upande wa barabara, mbali na milango ya maduka. Mzee au mtoto mbele yako, simama kabisa. Mtembea kwa miguu: palipochorwa alama ya baiskeli, si mahali pa kusimama na simu. Dereva: ukimwachia nafasi ya mita moja na nusu, hatakuwa na sababu ya kupanda.

29/ Msimamo wangu, mnisahihishe. Penye njia ya baiskeli inayopitika, atakayepanda kwa watu alipe. Pasipo na njia, apande kwa mwendo wa miguu, na akigonga mtu lawama iwe yake. Watoto wa shule waachwe. Na hiyo kanuni iandikwe kwa Kiswahili pia, ili hicho kitenzi kisituchanganye tena.

30/ Nilimuuliza shangazi anataka huyo kijana afanywe nini. Akasema kijana alishamlipia hospitali kidogo kidogo, elfu moja moja, mpaka ikaisha, hana neno naye. Kisha akaniuliza: "Lakini ile lori ilienda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwenu kukoje? Weka hapo chini jina la barabara, na upana wa njia ya miguu kama umepima. Uzi ujao: nani hasa anamiliki ukingo wa barabara, na wachuuzi wana haki gani hapo.